Msonobari wa Chambo

Jumatatu, 3 Februari
Leo tumeangusha msonobari mzima, mnene, hauna kasoro, ili wadudu wa magome waache mingine waje kuula huu. Chambo. Meneja wa msitu kanipa nafasi hii moja: nikishindwa, mteremko wote unafyekwa kabla miti haijakufa ikawa kuni za moto. Shemeji, mwenye msumeno, kauliza kama kwetu homa hutibiwa kwa kumzika aliye mzima. Nikacheka, lakini si sana.

Alhamisi, 20 Februari
Wamekuja! Gome lote matundu, unga mwekundu unamwagika — hata harusini watu hawajai hivi. Nikaruka kama mbuzi; mgongo ukanikumbusha umri. Miti jirani haijaguswa. Sasa tuwaache watage, kisha tubandue gome tulichome kabla watoto hawajaota mabawa. Tukizubaa, tumewajengea wodi ya wazazi.

Jumamosi, 8 Machi
Magome yote chini, lundo zima, mabuu tele. Wengine mabawa tayari. Nikatoa kiberiti. Shemeji akanishika bega: si wewe uliyezunguka jana na kipaza sauti ukitangaza marufuku ya moto? Ni mimi. Nyasi kavu, upepo mkali, na sauti yangu, nasikia, iliwapendeza wanakijiji. Tukajaribu kuzika, ardhi ikakataa jembe. Nikampigia mama watoto, kulalamika tu. Akasikiliza, akasema: mbona kunguni wa godoro tuliwaua kwa jua? Wafunike na nailoni, acha kelele.
Nilioa vizuri.

Jumapili, 9 Machi
Lundo liko chini ya nailoni, kingo tumezikandamiza kwa mawe. Mawe yalipoisha, nimekaa mimi. Uzito wangu hatimaye una kazi. Jua kali — ukiingiza mkono, unautoa mbio. Nimechungulia: wa juu wamekufa wote! Nikampigia meneja, yuko njiani. Wa chini bado hai, nawasikia wakikwaruza. Shemeji anasema jua likiendelea hivi hadi jioni, wamekwisha.
Tangu mwaka uanze naomba mvua, msitu usiungue. Sasa wingu limechomoza nyuma ya kilima. Jeusi, pana, linakuja huku. Shemeji ananiuliza leo tuombe nini.
Nimemwambia asiniharakishe.