Kutembea Bila Mzigo

Mashimoni, Kibera
3 Machi 1996

Kwa mtoto wangu Trizah,

Habari ya Kawangware? Natumai kile kikohozi kimekuacha. Mimi niko, ila sukari inanisumbua. Miguu inaingia ganzi, na daktari wa kliniki amesema nisipotembea kila siku naweza kukatwa mguu. Amenipa kamashine kadogo ka kufunga kiunoni. Kanahesabu hatua, halafu kila wiki nampelekea anasoma. Hakuna kumdanganya.

Basi kila asubuhi natoka hapa mpaka mtaa wa Olympic, nazunguka, narudi, mikono mitupu. Kwa kioski ya maji wananiuliza naenda wapi. Nawaambia siendi popote. Magdaline, yule shangazi ya Omolo wako, siku hizi hata salamu yangu haitikii. Shauri yake.

Barua ataleta Nekoye, jirani yangu anayeuza mboga huko kwenu. Mpe jibu.

Mama yako

Kawangware 46
17 Machi 1996

Kwa Mama,

Pole na sukari. Mimi nimepona kabisa. Lakini Mama, umeniweka pabaya. Magdaline amewaambia watu wa Omolo ati wewe ni mchawi, wale wa kukimbia usiku. Anasema mtu mzima hawezi kuzunguka bila mzigo na bila safari, na hiyo kitu inalia tik tik kiunoni ndiyo dawa yenyewe. Walikuwa waje kwa mjomba Murunga baada ya Pasaka kuongea mambo ya mahari. Sasa wanasitasita, na mimi usingizi sipati.

Naomba uache mpaka waje. Ama ikiwa ni lazima, beba hata jerikeni tupu, watu wafikiri unaenda kuchota maji. Tafadhali usiniharibie.

Binti yako

Mashimoni
20 Machi 1996

Trizah,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika.

Jerikeni sibebi. Nimebeba maji ya watu, kuni, mawe ya fundi, na wewe mgongoni juu ya hayo yote, na hakuna aliyewahi kuuliza naenda wapi. Leo natembea kwa ajili ya mguu wangu mwenyewe ndiyo nimekuwa mchawi? Mchawi gani anatembea saa nne asubuhi, jua limewaka, akisalimia kila mtu? Mguu ukikatwa, Magdaline atanipa wake?

Siachi. Na kamashine nilikuwa nakafunga ndani ya leso. Sasa nakafunga juu ya nguo, kila mtu akaone.

Mama yako

Kawangware 46
11 Mei 1996

Mama,

Salamu. Watu wa Omolo wamekubali kuja Jumamosi ijayo, bora tu wewe usiwepo. Mjomba Murunga atasimama mahali pako. Nimekubali. Usije.

Trizah

Mashimoni
19 Mei 1996

Trizah,

U mzima? Jana sikupata nafasi ya kukuuliza.

Nilikuja kwa miguu, mchana, na uliniona. Kwetu mama haingii mahali mkwe wake ameketi, hiyo heshima ninayo, kwa hivyo nilisimama mlangoni. Nikawasalimia wote. Magdaline akaficha mikono asishike yangu. Baba ya Omolo akaniuliza kwa upole hicho kitu kinahesabu nini. Nikamwambia, "Kinanihesabia hatua, mzee, ili nikija kupokea mjukuu wetu nije na miguu yangu miwili." Mjomba wako akaangalia chini. Na wewe ukaendelea kumimina chai, hata kiti cha hapo mlangoni hukunipa.

Hiyo ndiyo iliniuma. Ya Magdaline nimezoea.

Wakuoe, wasikuoe, nitatembea. Usitume barua tena na Nekoye. Ukiwa na neno, miguu unayo.

Mama yako, hata ukikataa

Mlangoni kwako
Jumapili, 26 Mei 1996

Mama,

Nimebisha, hauko. Kalamu ni ya Nekoye. Omolo nimemwambia pale ambapo mama yangu hawezi kukaa, hata mimi sikai. Amesema ataongea na watu wake. Waongee.

Nekoye anasema umepita sasa hivi ukielekea Olympic. Usiponikuta hapa ukirudi, ujue niko nyuma yako, nakufuata.

Binti yako