Ndoano za Upande wa Barabara

Jumatatu, 3 Machi 1952
Kazi ya ile stoo ya zamani imeanza. Wenyewe wanataka kuweka mahindi ghorofani, na Bwana Injinia hatasaini kabla hajajua kama vyuma vilivyo ndani ya boriti za simiti vimeshika. Vyuma vya siku hizo ni laini, havina meno. Kinachovizuia visichomoke ni ndoano tu—mwisho wa chuma uliokunjwa. Bila ndoano, chuma kinatoka kama mwiko kwenye ugali!

Tumebomoa simiti kidogo upande wa uani. Ndoano zipo. Tukavuta kwa jeki, hakuna kilichosogea. Bwana amefurahi. Mimi bado. Kwa nini asibomoe upande wa barabara pia? Anasema duka la jirani limeegemea ukuta pale, mwenye duka atapiga kelele. Eti inatosha. Jumamosi tutapakia magunia juu kuijaribu, na mimi, karani wa vipimo, nitakaa chini ya boriti nikisoma saa ya kupimia inavyopinda. Asante sana!

Jumatano, 5 Machi
Kuna kitu hapa nyumbani. Mama mkwe amekuja kutoka Kiplombe, na hakuna aliyeniambia anakuja. Sijamwona, bila shaka. Nikikohoa mlangoni, yeye anapotelea jikoni. Akipita uani, mimi najibanza nyuma ya nyumba. Ndiyo heshima yetu Wabukusu. Jina lake siandiki hata hapa.

Lakini minong'ono nasikia. Nikiingia—kimya! Halafu Namalwa, mke wangu, ananiletea chai na swali: Jumamosi utakaa upande gani wa stoo? Tangu lini anajali kazi yangu? Nikamwuliza nani anataka kujua. Hakuna, akasema, anauliza tu. Uongo. Hata sukari amesahau.

Alhamisi, 6 Machi
Nimembana Mzee Kituyi, mwashi. Yeye alijenga hiyo stoo, kabla ya reli kufika Eldoret. Alikuwa anacheka akisimulia. Vyuma vilitoka Londiani kwa gari la ng'ombe, vikawa virefu kuliko gari, vinakwama kila kona ya msitu. Wakavikata huko huko njiani.

Nikasema, basi vilifika vifupi. Akakubali. Na ndoano za pande zote mbili zikakunjwa kwa chuma gani, kama hakikubaki cha kukunja? Kicheko kikaisha. Uliza kwako, akasema, akachukua mwiko wake akaenda.

Kwangu! Maana fundi aliyekunja vile vyuma ni marehemu baba mkwe, Wepukhulu. Na wasichana waliobeba mchanga—mmoja wao ndiye aliyemwoa, mama mkwe wangu huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwuliza Namalwa waziwazi. Amelia. Anasema baba hayuko kujitetea, na ile stoo ndiyo kazi aliyojivunia mpaka kufa. Nikamwambia basi aende akamwulize mama yake. Akaenda jikoni, akarudi: Mama anasema usiende kesho, sema unaumwa. Kwa sababu gani? Mama hakusema.

Hakusema! Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Ama anajua kitu cha kuniua na anakificha kwa ajili ya jina la marehemu. Ama hajui lolote, anataka tu nifukuzwe kazi, binti yake arudi Kiplombe. Huyo mama hajawahi kunipenda. Na Bwana nitamwambia nini? Kwamba mama mkwe amenong'ona? Nakwenda.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nikiwa nyuma ya lori.

Magunia yalikuwa yanapanda, Kiprotich na wachukuzi wake wanaimba huko juu. Mimi chini, jicho kwenye saa. Mlango ukafunguka. Mama mkwe! Uso wazi, macho yake ndani ya macho yangu. Sikufikiri. Miguu ilifanya ilivyofunzwa—nikatoka mbio, kiti kikaanguka. Watu wakacheka. Nilipogeuka, amekiinua kiti, amekikalia. Chini ya boriti!

Yeye akiwa ndani, mimi siwezi kuingia. Alijua hivyo. Na mimi nikasema hanipendi! Mjinga mkubwa mimi.

Bwana Injinia akauliza huyu mama ni nani, anataka nini. Mama alinyoosha kidole tu, mwisho wa boriti, upande wa barabara. Kumtaja mume wake kwa ubaya hawezi. Hilo ameniachia mimi.

Nimesema yote. Gari la ng'ombe, vyuma vifupi, Wepukhulu. Namalwa yuko getini, amesikia kila neno. Bwana akapiga kelele: magunia yashuke, polepole, mtu yeyote asiingie!

Yanashuka. Lakini Mama hatoki. Nilijificha hapa ili apate njia, bado hatoki. Namalwa anaita Mama, Mama, mpaka sauti inakauka. Labda anadhani nitarudi kwenye kiti kile. Kiprotich anasema vumbi la simiti limeanza kudondoka, upande wa barabara.

Basi aibu iwe yangu. Naenda kusimama mlangoni, uso wazi kama yeye, nimwite kwa jina, atoke mbio kama nilivyotoka mimi.

Nanzala. Ndiyo hivyo, nimeliandika.