Jina Langu Kwenye Mabenchi ya Kanisa

Mama Mwende wangu,

Amani ya Bwana ikukute huko Kivaa, wewe na mbuzi wetu. Nakuandikia kadi kwa sababu kwa simu ungenicheka kabla sijamaliza.

Hapa Machakos, fundi Kyalo alinipa kazi ya kwanza: kufungua kiti cha Kifaransa cha miaka mia na zaidi, cha kuiga mtindo wa wafalme wao wa zamani, ili tukirekebishe. Nilikigeuzageuza asubuhi yote.

"Unatafuta nini, Baba Mwende?" Kyalo akaniuliza.

"Misumari."

Karakana nzima ilicheka. Hakina hata mmoja! Mbao zimeumana zenyewe, na gundi kidogo. Na mimi benchi moja namaliza kilo mbili.

Halafu Kyalo akanionyesha jina la fundi wa Paris, limegongwa chini ya kiti, dogo kama sisimizi. Nikauliza mbona alijificha.

"Anayekalia hana haja naye," akasema. "Sisi wa kurekebisha ndio tunamtafuta."

Nilikumbuka mabenchi yetu ya kanisa, yote yameandikwa MUSYOKA FUNDI kwa rangi nyekundu, mahali ambapo mtu akipiga magoti ni kama ananiomba mimi. Ulinionya, nikasema una wivu.

Basi chukua ile rangi ya kahawia chini ya kitanda, unifunikie jina kabla askofu hajaja. Kula vizuri, Mungu akulinde, nimeukumbuka sana uji wako.

Ila benchi la nyuma kabisa liache kwanza. Hilo bado naliombea.

Wako,
Baba Mwende