Njia Aliyomnyima Mjuaji

Nyumba ya Wageni,
Juu Mlimani.
Jumatano, 12 Juni

Mpendwa Shemeji yangu,

U hali gani huko mjini? Mkeo na watoto hawajambo? Na kile kifua kinachokusumbua kila baridi ikiingia, kimetulia? Nakuuliza kwa adabu tu, Shemeji, maana leo moyo wangu haupo hapa. Sisi tu wazima wa mwili, isipokuwa mmoja ambaye sijui yukoje.

Kaka yako hajarudi tangu Jumatatu. Nimelisema mapema ili usije ukaisoma barua hii huku unapuliza chai.

Jana dereva wa lori la mbao alikupigia alipokwenda kuchukua mafuta kule njia panda kwenye mtandao. Namba yako akapokea mama mmoja muuza nguo, akamporomoshea matusi. Jamani, mtu akibadilisha namba si aseme! Ndiyo maana nimekaa kwenye meza ya mapokezi naandika kwa mkono, na dereva huko nje ananipigia honi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Zile mashine mbili ulizotuletea, zile za akili bandia zisizohitaji mtandao, tumezipa jina moja: Mjuaji. Wageni wanampenda kufa. Wanambeba mkononi hadi msituni, wanamwuliza ndege yule nani, mti huu dawa ya nini, naye anawajibu kwa lugha yao. Usidhani namlaani. Tangu aje vyumba vyetu havikai vitupu, na hata bati la jikoni tumebadilisha.

Lakini unakumbuka ulivyomkalisha kaka yako barazani aieleze kila njia kwa maneno yake mwenyewe. Nawe unamjua. Kwake yeye kila mahali ni "hapo tu". Pango, hapo tu. Maporomoko, hapo tu. Mtu wa huku akisikia hivyo anakaza viatu, anabeba maji, na nyumbani anaaga kabisa. Mjuaji akalichukua neno kama lilivyo, akawa anawaambia wageni kwamba ni pua na mdomo.

Tuna mgeni chumba cha pili, mama mmoja mwalimu mstaafu, mpole sana. Jumatatu aliamka kabla ya chai, akamwuliza Mjuaji maporomoko yako wapi, akatoka na ndala na kichupa cha maji. Kaka yako alipokuta chumba kitupu alimwuliza mpishi, na mpishi akasema amewasikia wakizungumza, yule mama na mashine yake. Kaka yako akashika kichwa. "Mama wee! Hiyo si ndiyo hapo tu yangu!" Akachukua panga na koti, akasema atakata mbele amkute huko huko.

Kumbe yule mama jua lilipomchoma aligeuza, akarudi kwa njia ile ile aliyoendea, miguu imemvimba. Wakapishana. Sasa amejifungia chumbani analia, chakula hagusi. Nataka nimkasirikie, nashindwa, maana aliyemwambia ni karibu ni mashine ya kwetu sisi wenyewe.

Askari wa misitu na watu wa kambi ya jirani wametafuta tangu jana alfajiri. Wanatembea na ile mashine ya pili, wanaiuliza njia za mkato, inawatajia moja baada ya moja kwa sauti ya upole kama haina habari ya msiba. Wamezipita zote. Wameita mpaka sauti zimewakauka. Jana jioni askari akanijia hapa mlangoni akaniambia, "Mama, njia zimeisha."

Nikaruka kitini. Hazijaisha, Shemeji! Siku ile ulipoondoka na mawaya yako, kaka yako aliniambia huku anacheka, "Nimempa Mjuaji zote, moja nimemnyima. Siku wageni wakisema hawana haja na mimi, hiyo ndiyo itanirudisha kazini." Nikamwuliza ipi. Akasema ile mliyoiita Njia ya Watoro, mliyokuwa mkipita wewe na yeye mkikimbia shule, inayopenya nyuma ya miamba na kutokea juu ya maporomoko. Kama alitaka kumwahi yule mama, angepita wapi kwingine?

Mimi hakuwahi kunionyesha. Nimeuliza nyumba kwa nyumba, hakuna anayeijua. Mjuaji naye nimembembeleza, nimelia mbele yake, mimi mtu mzima, nalilia mashine! Akanijibu kwamba hana taarifa hizo.

Umebaki wewe peke yako. Shemeji, nakusihi, panda lori hili hili, dereva anageuza kesho alfajiri. Usitume maelezo, usichore ramani. Wewe na kaka yako mlikuwa hamkubaliani hata mlango wa jikoni uko upande gani, sembuse askari akusome kwenye karatasi. Njoo na miguu yako. Mvua haijakatika tangu jana, na amevaa lile koti bovu ambalo hataki nilitupe. Naogopa, Shemeji. Naogopa sana.

Nisalimie mkeo na wanangu wote, hasa huyo mdogo mtundu. Mpishi anakusalimu. Mama yenu naye anakusalimu mno. Macho yake hayaoni mbali tena na presha yake sitaki kuijaribu, kwa hiyo nimemwambia kaka yako ameshuka mjini kukutembelea. Amefurahi, Shemeji, hujui alivyofurahi. Amesema nikuandikie kwamba anawasalimu wanawe nyote wawili, na kwamba mkipanda huku mpande pamoja.

Mungu akulinde barabarani, akufikishe mapema.

Ni mimi, shemeji yako nikupendaye na kukungoja,

Mke wa kaka yako