Mgomba Juu ya Kaburi la Mwalimu

Kasongo, tarehe 14 Mei 2024

Kwa yaya yangu, dada mkubwa Marcelline, huko Lubumbashi,

Jambo sana, yaya. Jambo kwa Naomie pia, na jambo kwa majirani wote wanaokusaidia kunisema. Barua yako ilifika salama ndani ya soksi ya mwendesha pikipiki, na harufu yake yote, nikaisoma mara tatu huku nimeziba pua. Mnaendeleaje? Ile presha yako imeshuka? Sisi huku tuko wazima. Mama anakula vizuri, anasikia vibaya, na bado ananigombeza kama mtoto wa miaka saba. Mihogo imekubali mwaka huu. Mimi mwenyewe nimenenepa kidogo, lakini kwa mtu mkubwa kama mimi hiyo ni sehemu ya kazi.

Umeniandikia kwamba mwezi wa saba utakuja na Naomie, mtembee njia yangu pamoja na watalii mpaka kijiji cha Mulamba, muweke msalaba wa simenti juu ya kaburi la shemeji Jean-Paul. Umesema Naomie anataka kumsalimia baba ambaye hakumwona, maana alizaliwa miezi minne baada ya kifo chake. Nitakujibu. Lakini niache nianzie mbali, kwa sababu ukinipeleka moja kwa moja kwenye jambo nachepuka kama mbuzi aliyeona shamba.

Kwanza ujue ndugu yako amekuwa nani. Mimi Salomon, niliyefukuzwa sekondari mwaka wa pili kwa sababu ya hesabu na kwa sababu ya binti wa mkuu wa shule, leo maprofesa wanatembea nyuma yangu wakiandika ninachosema. Dunia nimeizunguka, unajua mwenyewe: Kigoma, Bujumbura, na Lusaka nimelala siku nne. Ilikuwa korokoroni, lakini Lusaka ni Lusaka. Sasa dunia ndiyo inanifuata. Njia ya Wakimbizi, siku tano kwa miguu toka Wamaza mpaka hapa Kasongo, ileile watu waliyoipita wakikimbia vita mwaka wa tisini na tisa. Natangulia mimi na fimbo, wanafuata wageni sita au saba, kisha wabebaji, na wa mwisho kabisa ni Kamaldine, wa zile familia za Waislamu wa mjini hapa, mwanaume mwenye mabega kama mlango wa kanisa. Anabeba mahema mawili na bado anapata pumzi ya kunitania kwamba kitambi changu kinafika kijijini kabla yangu.

Na kazi ina utaratibu, yaya. Kila kijiji kina zamu zake: nyumba iliyopika safari hii hairudii mpaka nyumba zote zipike. Hivyo hakuna wivu, au tuseme iko wivu wa kawaida. Wageni wanakula bugali na sombe ya majani ya mihogo, wanalala juu ya mikeka ya wenyeji, wanaondoka na asali na vikapu. Kwa njia hiyo Mulamba wamejenga nyumba ya kuzalishia, ya bati, yenye taa za jua. Tangu ifunguliwe, hakuna mama hata mmoja aliyefia humo. Zamani mwanamke aliyeshindwa kuzaa alifungwa juu ya baiskeli, akasukumwa siku mbili mpaka Kabambare, na wengi walirudishwa wamefunikwa.

Lakini usidhani watu wanavuka bahari kuja kuona vipepeo. Wanakuja kusikia vita, na mimi nawapa vita. Siku ya kwanza nawaonyesha kufuli la kanisa dogo ambamo watu kumi na tisa walichomwa moto. Kufuli liko palepale, limeyeyuka upande mmoja. Siku ya pili nawaonyesha mti ambako askari walimfunga kapita, mkuu wa kijiji, wakamkata kuanzia vidole vya miguu, na kila kiungo walimuuliza wapiganaji wako wapi. Alifika magotini bila kujibu. Siku ya tatu kuna kinu. Hapo sisemi kilitwanga nini. Nasimama tu pembeni yake mpaka wageni waelewe wenyewe.

Siku ya nne ni Mulamba, kwenye mto Kalonda. Hapo ndipo napandisha sauti. Nawaambia Mwalimu Jean-Paul, mume wa dada yangu, alivusha watoto wa shule juu ya gogo wakati risasi zinapita, akarudi mara tatu kuwachukua wengine, na mara ya nne risasi ikampata kifuani, akafa hapohapo mikononi mwangu, hakuumia, nami nikamzika kwa mikono hii. Ndivyo nilivyokuambia na wewe. Kisha nawapeleka kaburini. Juu yake kuna migomba mitano minene, ambayo nawaambia kijiji kiliipanda kwa heshima yake. Wanalia, yaya. Madame Olga, nesi mzee wa Ubelgiji, alilia pale mpaka miwani ikamwanguka, na aliporudi kwao akachangisha watu wakatuma zile taa za jua. Kwa hiyo uelewe: hadithi ya shemeji ndiyo bati, ndiyo taa.

Sasa nikueleze ya mwezi jana.

Tulikuwa tunavuka Kalonda, mto umejaa. Wageni walikuwa wameshavuka, nami pamoja nao. Watu watano wakatoka kwenye matete na bunduki mbili na mapanga. Hawakuwa jeshi la mtu yeyote, wezi tu, wenye njaa na bangi. Mkubwa wao akaniambia, "Muzee, weka mizigo chini, na wazungu wako juu yake." Nikamjibu wazungu hawa wana kilo nyingi, labda watusaidie kubeba. Unaujua mdomo wangu. Kitako cha bunduki kikaniingia mdomoni na meno mawili nikayatema mtoni, pamoja na lile la mbele ulilokuwa unalisifia.

Kamaldine alikuwa bado juu ya gogo na sanduku la dawa za nyumba ya kuzalishia. Wakamwambia aliache. Akawaambia mke wake, mwenyeji wa Mulamba, atajifungulia kwenye nyumba hiyo, kwa hiyo wachukue kitu kingine. Panga likamshukia begani. Nilisikia sauti, yaya, sauti ya panga likiingia kwenye mgomba. Damu ikaruka mpaka kwenye kofia ya profesa mmoja wa Kinshasa. Kamaldine akaanguka majini, akazama, akaibuka chini ya jiwe moja jeusi lililo karibu na ukingo, akanyosha mkono wake mzima.

Nikaruka juu ya jiwe, nikamshika, nikamvuta. Akatoka. Ndivyo tu.

Na hapo wanawake wa Mulamba wakafika. Walikuwa wanatutwangia sombe, wakaja na mitwangio yao. Bunduki moja ikalia, ikatoboa sufuria. Nadhani kosa la wezi lilikuwa hilo la sufuria, maana baada ya hapo sikuona huruma. Wawili wakakimbia, wawili wakafungwa kamba, wa tano akabaki chini. Nilisikia mbavu zake. Nikawaomba basi, nikamlalia juu, nikala mitwangio mitatu ya mgongo kwa niaba yake. Alikufa akiwa chini yangu. Joto lake lilibaki ndani ya shati langu mpaka lilipopoa. Alikuwa na miaka ishirini, labda, kama mimi wakati ule.

Kamaldine anaishi. Ule mkono hautabeba tena hema, lakini mdomo wake ni mzima. Wageni walinipigia makofi, yule profesa akaniita shujaa, akataka picha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikausugua ule mkono kwa majivu. Wakadhani ni damu. Haikuwa damu. Ilikuwa kwamba kumpa mtu mkono ni kitu kidogo vile. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Asubuhi yake Mama Faridah, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa na zamu, aliniletea uji kwa sababu ya meno. Ni yeye anayeongoza wanawake wa pale. Akakaa mbele yangu, akangoja nimeze, akaniambia jana nimetoa mkono, lakini ile siku ya zamani niliurudisha. Alisema alikuwa ndani ya matete, mtoto amemkandamiza titini asilie, na aliona yote. Nikataka kutania.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akacheka, yaya, akacheka kweli. Akasema, "Salomon, we mujinga. Mulamba nzima inajua, toka mvua ya pili. Maiti haioti majani."

Sasa nimefika pale nilipokuwa nachepuka. Kaa chini kama umesimama.

Mwaka ule mimi nilikuwa kwa wapiganaji wa porini. Hilo unalijua. Usilojua ni kwamba siku ile walituweka kulinda kivuko cha Kalonda. Asubuhi mganga wetu alitunyunyizia maji ya vita na kutupa miiko: mpaka jua lizame, asikuguse mtu ambaye hakunyunyiziwa. Akikugusa, risasi itakuona. Unaweza kucheka leo. Lakini saa moja kabla ya shemeji kufika, mwenzetu Bruno alimwacha mke wake amfute jasho usoni, na risasi ya kwanza iliyopigwa ilimwingia mdomoni na kutokea kisogoni, na ubongo wake ukanirukia kifuani. Mimi niliamini, yaya. Niliamini kuliko ninavyoamini misa.

Shemeji kweli alirudi mara tatu. Hapo sikuongopa. Watoto kumi na mmoja alivusha. Mara ya nne risasi ilimpata pajani, si kifuani, akaanguka majini, akaja mpaka kwenye jiwe lile jeusi ambapo mimi nilikuwa nimelala na bunduki. Akashika ukingo wa jiwe kwa mkono mmoja, wa pili akaninyoshea. Akaniita Salo, kama alivyoniita alipokuwa ananifundisha hesabu jikoni kwako. Akasema, "Salo, vuta." Mkono wangu ulikwenda, Mungu anajua, ulifika karibu. Nikakumbuka miiko, nikakumbuka meno ya Bruno. Nikaurudisha, nikauficha chini ya kifua changu kama mwizi.

Hakunitukana. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto ambaye jibu analijua na haliandiki. Alikaa pale muda mrefu, yaya. Askari wa ng'ambo walipomwona wakaanza kumlenga. Walimkosa mara nyingi. Moja ilimchukua vidole, na bila vidole hakuweza kushika jiwe. Maji yakamchukua. Jioni jua likazama, miiko ikaisha, nikatafuta mtoni mpaka nikachoka. Sikupata hata kiatu.

Kwetu unajua, mtu asipopatikana ukoo unazika mgomba badala yake, watu wote wanaona na kulia. Mimi nilifanya peke yangu, kwa siri. Nilitaka uwe na kaburi, na nilitaka mimi niwe nimezika mtu. Niling'oa mgomba mzima, nikauviringisha kwenye blanketi langu, nikaufukia. Lakini wazee wanakata kwanza shina la chini lenye mizizi, ili usiote. Mimi hilo sikulijua. Nilikuwa mtoto wakati nilipoona wakimzikia babu mgomba, na nilikuwa naangalia mbuzi wa karamu. Mvua ya pili, kaburi la shemeji likatoa majani.

Kwa hiyo miaka yote hii watu wa Mulamba waliniona nikija na wazungu na kulia mbele ya migomba, nao wakanyamaza. Matunda yake hawayali. Mama Faridah aliniambia hivi: uongo wangu umewashibisha, na yeye hakatai kwamba amekula. Lakini mwenye mume akija, hatampikia chakula cha kumdanganya. Ama niseme mimi, ama aseme yeye, na yeye hana maneno laini. Nilimwambia nikisema ukweli wageni hawatakuja tena, na bati litatoboka na taa zitazimika. Akanijibu watu waliotembea siku nne kutafuta vita wataweza kubeba na hii. Na kama hawataweza, wao Mulamba walizaa kabla ya taa.

Mwezi wa sita kuna msafara mwingine. Nitawaambia kila kitu, pale pale juu ya jiwe. Nimetaka wewe usikie kwanza. Sikuombi msamaha ndani ya karatasi. Sina haki ya kukubana hivyo mbele ya mwendesha pikipiki atakayengoja jibu. Mwambie Naomie au umfiche, wewe ndiye mama.

Ila msalaba wa simenti, yaya, usiulete. Hakuna mtu chini. Ukija na mtoto, nitawaonyesha mahali pa kweli, pale kwenye jiwe alipokuwa ameshika. Nilipapaka mkaa wiki jana ili nisiweze kujidai nimepasahau. Gogo la Kalonda linateleza, na kazi yangu ni kutangulia na kumpa kila mgeni mkono. Nitakunyoshea na wewe. Lakini nimefunga pia kamba nene toka ukingo hadi ukingo, nimeijaribu kwa uzito wangu, na unajua uzito wangu. Usipotaka kushika mkono wangu, shika kamba.

Mama anakusalimu, anasema ulete chumvi na uje umenenepa. Kamaldine anakusalimu kwa mkono uliobaki. Mama Faridah hakujui, lakini amesema zamu ya kukupikia ni yake, hata kama si zamu yake. Mpe Naomie mikono yangu yote miwili.

Nabaki mimi mdogo wako, ambaye leo kwa mara ya kwanza hana kichekesho cha kumalizia,

Salomon