Zaburi Aliyoisoma Keziah Mezani kwa Baba

Shamba la Hadley,
Barabara ya Crooked Spring,
Missouri.
4 Desemba 2018

Mpendwa wifi yangu Delphine,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, wakubwa kwa wadogo. Hamjambo huko Alaska? Goti la shemeji Ansel linaendeleaje? Na yule mdogo wenu ameshaota meno, au bado anawakosesha usingizi? Sisi huku wazima. Kaka yako Wendell alishikwa na mafua akayaugua kama mtu wa kwanza duniani kupata mafua, ila sasa amepona na yuko nje anapasua kuni.

Najua Mama ameshakupigia simu kuhusu sikukuu ya Shukrani ya mwezi uliopita. Namjua, na wewe binti yake unamjua kuliko mimi, kwa hiyo hadithi unayo tayari. Sasa pokea na ya kwangu.

Kwanza habari za nyumbani. Wendell alipata kulungu wawili msimu huu, friza imejaa mpaka inabidi Tirzah aukalie mfuniko ndipo ufungike. Tirzah ana miaka kumi na minne sasa na hesabu zake zimenishinda kabisa. Jioni anapambana nazo na baba yake, mimi najifanya nina kazi jikoni. Micah ndiye anayekamua mbuzi siku hizi. Keziah ametimiza miaka kumi, habari yake inakuja. Boaz ana miaka minne, kazi yake ni kula chaki.

Siku zetu ni zilezile. Kukamua, kulisha kuku, uji wa shayiri, maombi. Wendell anasoma sura moja kwa sauti, watoto wanarudia baada yake, halafu anakwenda zake karakana. Mimi nafuta meza na meza hiyohiyo inakuwa darasa, maana bado tunawafundisha wenyewe nyumbani. Wote wanne wanakaa hapo, mkubwa akisoma kwa sauti mdogo anasikia. Nimejisifu sana kanisani kwa jambo hilo, kwamba kwetu mtoto anajifunza hata kabla hajafundishwa. Ndilo lililoniponza.

Mwezi wa nane tulikuwa tunasindika bitiruti. Jirani yetu alikuwa amenipa karatasi ya mapishi yake, nami mikono yangu ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, nikamwambia Keziah anisomee. Akaishika vizuri, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: matango, bizari, siki, chumvi ya mawe, hakukwama popote.

Nikamwambia, "We mtoto, humu sufuriani mna bitiruti. Matango yametoka wapi?"

Akaigeuza ile karatasi. Tirzah alikuwa anapanga chupa, wala hakugeuka. Akasema, "Mama, huyo hasomi. Anasema kwa kichwa ile achari yako ya matango ya kila mwaka."

"Tangu lini hasomi?"

"Hajawahi. Mi nilidhani unajua."

Wifi, nilikwenda kukichukua kile kitabu cha kusomea ambacho watoto wangu wote wamekitumia, kimoja hicho hicho, chenye doa la asali na jalada lililoshikizwa kwa gundi. Keziah alikisoma bila kosa. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja makusudi, naye akaendelea na ule ukurasa niliouruka. Alikuwa amekisikia kwa Tirzah, akakisikia tena kwa Micah, miaka yote hiyo yuko chini ya meza na wanasesere wake. Zamu yake ilipofika alikuwa nacho chote kichwani, mpaka mahali pa kufunua ukurasa. Hakukusudia kunidanganya. Alifikiri kusoma ndiko huko, na alipogundua kwamba wenzake wanafanya kitu kingine, aliona aibu kuuliza.

Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikalia. Nilijiona mjinga, na nilikasirika, nisijue namkasirikia nani.

Wendell alisema tuvute subira, mtoto atafunguka mwenyewe. Mimi subira yangu ilikuwa imeishia kwenye bitiruti. Nikampeleka kwa Bi Oleta Pruitt, mwalimu mstaafu wa shule ya serikali pale mjini. Kaka yako alinuna.

"Tumekaa miaka yote hii bila shule," akasema, "leo tunaileta nyumbani?"

"Haiji nyumbani. Sisi ndio tunaifuata."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akaniwashia gari.

Bi Oleta alikaa naye asubuhi nzima, halafu akaniambia macho ya mtoto ni mazima na akili anayo ya kugawa. Ila herufi hazimkai haraka kama zinavyowakaa wengine. Atasoma, lakini polepole, na asiharakishwe. Basi tangu hapo tunakwenda kwake kila wiki, na siku nyingine namfundisha mwenyewe kama nilivyoelekezwa. Anaandika neno kwa kidole kwenye sinia la unga wa mahindi huku analitamka, analifuta, anaandika tena. Unga unakwisha upesi kwa sababu Boaz ameacha chaki.

Mama alipopata habari alikuja na keki, na mtu akija na keki katikati ya wiki ujue ana neno. Akatukalisha. Akasema kama hadi siku ya Shukrani Keziah hatakuwa anasoma, mwezi wa kwanza watoto wapande basi la shule, na kwamba yeye aliyanyamazia mambo haya kwa muda mrefu mno. Nikamtazama kaka yako nikitegemea atanitetea. Akasema, "Sawa, Mama." Basi! Nilimnunia mpaka kuku wakajua.

Unaijua sikukuu hiyo ilivyo kwa Baba. Wewe mwenyewe ulisimama nyuma ya kiti chake mwaka uliotimiza miaka kumi ukasoma zaburi ya ukoo kabla ya chakula, akasimama Wendell, wakasimama wangu wawili wakubwa, na kila mmoja akapewa Biblia yenye jina lake. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Keziah. Na zaburi ni ileile miaka yote, ambayo mtoto huyu anaijua tangu akiwa na miaka mitano.

Sasa sikiliza ambalo nadhani Mama hakukwambia. Kabla hatujakaa mezani alimvuta Keziah stoo, mimi nikiwa mlangoni na bakuli la viazi vya kuponda.

Akamwambia, "Mjukuu wangu, shika kitabu, tembeza kidole, sema kama unavyoijua. Nani atajua?"

Sikumlaumu. Mama anataka watoto wapande basi, lakini hataki mjukuu wake aaibike mbele ya watu, na yote mawili anayataka kwa upendo. Nami sikutia neno. Nilitaka lile basi lipite bila watoto wangu, na njia ilikuwa hiyo, imeshafunguliwa na Mama mwenyewe. Nikapeleka viazi mezani.

Keziah akasimama nyuma ya kiti. Baba akampa kitabu kikiwa kimeshafunuliwa. Akakitazama, halafu akakirudisha.

"Babu, hii naijua kichwani. Nikiisema nitakuwa sijasoma. Nipe nyingine."

Mama akasema, "Keziah!" Mimi moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Baba akavaa miwani, akafunua kurasa taratibu kama mtu anayechagua mbegu, akaweka kidole.

"Hii je?"

"Hiyo siijui."

"Haya, soma hiyo. Ukichoka utaniambia."

Wifi, alisoma. Siwezi kukwambia ilichukua muda gani maana niliogopa kutazama saa. Neno, kimya, neno, kimya. Micah alitaka kumnong'oneza, Tirzah akampiga teke chini ya meza mpaka vijiko vikalia. Mchuzi wa bata mzinga uliganda utando juu. Mama akainuka nusu, akasema, "Everett, chakula kinapoa." Baba, bila kugeuka, akasema, "Kitapashwa, mke wangu. Kaa."

Katikati akakutana na neno refu, likamkataa. Akalirudia mwanzo wake, likamkataa tena. Nikaona masikio yake yamekuwa mekundu, nikasema moyoni, basi, imekwisha, Bwana nipe nguvu ya kuyakubali. Hapo akainua kidole akaanza kuliandika lile neno kwenye mgongo wa kiti cha Baba, herufi moja baada ya nyingine, kama afanyavyo kwenye unga. Akalifuta kwa kiganja ingawa hakukuwa na kitu cha kufuta, akaliandika tena. Halafu akalitamka lote, kwa sauti, sawasawa.

Nililia mbele za watu, sikujificha. Kaka yako naye alilia, akasingizia mafua.

Aliendelea aya chache zaidi kisha akasema, "Nimechoka, Babu."

"Hata mimi nimechoka kwa kubana pumzi," Baba akasema. "Njoo uchukue Biblia yako, tule."

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo, Mama na mimi. Mwisho akasema, "Miaka kumi, na vijimistari vile vimechukua muda wote ule. Huko ndiko kusoma?" Kabla sijajibu, na nilikuwa nataka kujibu, Wendell akaingia na rundo la sahani.

"Mama, ulisema hadi leo awe anasoma. Amesoma."

"Polepole vile?"

"Mwendo hukuutaja."

Mama akamtupia kitambaa cha vyombo usoni. Kaka yako akakitumia kukaushia sahani, na mpaka leo hakuna aliyelitaja tena lile basi. Asubuhi linapita pale barabarani kwenye saa moja, mbwa analibwekea, sisi tunaendelea na uji. Kwa Bi Oleta tutazidi kwenda, na Wendell mwenyewe ndiye anayeendesha siku hizi. Mama amenuna kidogo, ila juzi alimtuma Baba alete pai ya boga, kwa hiyo najua tunaelekea kuzuri.

Nina ombi moja. Usinijibu mimi, mjibu Keziah. Mwandikie kwa herufi zilizoachana, usiunganishe, na usiogope kuandika barua ndefu. Hatasomewa na mtu, ameshatangaza. Kwa hiyo mambo ya Mama usiyaweke humo, hayo nipigie simu.

Msalimie sana shemeji Ansel, na umbusu mtoto. Mpe salamu yule mama mchungaji wenu aliyetutumia samaki wa kukaushwa. Mwambie waliisha siku waliyofika. Tirzah, Micah na Boaz wanakusalimu, na Baba anasema njia ya kuja huku haijafungwa na theluji, ni wewe tu.

Mungu awakinge na baridi ya huko, awape taa za kutosha katika siku zenu fupi, na atukutanishe tukiwa wazima.

Wifi yako akupendaye,
Janelle

Nyongeza: Barua hii imechelewa. Keziah alisikia kwamba inamhusu, akasema haitoki mpaka aisome mwenyewe. Imemchukua siku tatu, sinia la unga pembeni. Leo baada ya kukamua amenirudishia na akasema iende, ila kuna neno moja nilitoe. Utaona pale kwenye habari ya bitiruti nilipochora wino mzito. Nilikuwa nimeandika "maskini Keziah". Akaliwekea kidole, akanisomea bila kukwama, akaniambia, "Hili futa, Mama." Nimelifuta.