Zulfa na Watu Wasioitikia

Jumamosi

Bado nimeudhika na ile programu ya maktaba, ingawa wahusika wake hawakukosea. Kila wiki familia moja husimulia hadithi kwa simu ikiwa nyumbani kwake, na nyingine zote hutazama. Leo ilikuwa zamu yetu. Binti yangu Zulfa alichagua ile ya marehemu baba yake, ya sungura aliyevuka ziwa. Tangu tumzike Idrisa, hakuna aliyeisimulia humu ndani.

Akaanza vizuri: "Hadithi, hadithi!"

Kimya. Akarudia. Nyuso kwenye skrini zilimtazama tu. Baba yake hakuendelea kamwe kabla hatujaitikia, kwa hiyo naye akangoja.

"Endelea tu, mutoto muzuri," msichana wa maktaba akasema kwenye simu. "Tulifunga sauti za watu juu ya makelele; wanakusikia, lakini hauwasikie."

"Mi siwezi kuambia hadithi watu wenye hawajibu!" Akataka kuizima simu.

Nilikuwa mlangoni. Zamani niliitikia kwa nguvu kuliko Zulfa, lakini tangu msiba sijaitikia. Nikajikaza. "Hadithi njoo!" Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

Zulfa akacheka, akasimulia mpaka mwisho.

Sasa amelala, mimi nazunguka chumbani. Kipande cha katikati alikiruka, pale sungura anapoomba mtumbwi. Nilitaka kumfundisha kesho, nikakuta nami sikijui. Miaka yote niliitikia tu, nikiamini msimulizi atakuwepo siku zote.